Aliyezikwa Mtelezoni

Funga mlango wa uani, Tunu, na hao jirani waliokuja kunitazama waambie nimelala, waniwie radhi, wataniona baadaye nikiwa mzima zaidi au nikiwa maiti, na vyovyote itakavyokuwa hawatakosa cha kutazama. Sadallah, niinue mgongo, uniegemeze ukutani. Hija, mwanangu wa kwanza, wewe njoo hapa mkekani, usijibanze mlangoni kama mtu aliyekuja kuposa asiyejua ataambiwa nini. Na hiyo Yasini yako ifunge kwanza, maana sijafa, na ninayotaka kuyasema hayasemwi huku mtu anasomewa. Nisikilizeni nyote watatu. Tangu jana pumzi yangu inakwenda kwa kubembelezwa. Leo ni Jumamosi, na Jumatatu asubuhi watu wa serikali wanakuja Mtelezoni na masururu yao kumfukua Sharifu Masoud, na mie kati ya leo na hiyo Jumatatu sina hakika na lolote, isipokuwa kwamba jambo hili nisipolitoa nitakwenda nalo, na nikienda nalo litawaangukia nyie vichwani mbele za watu.

Mali kwanza, kwa kuwa ni kidogo na haina maneno mengi. Nyumba hii ya miti na udongo sheria itawagawia, sina haja ya kushindana na sheria ya Mungu katika hali hii. Kitanda hiki cha samadari ni cha Tunu, ndiye aliyenigeuza juu yake miezi mitatu bila kukunja uso, na kama aliukunja, aliukunjia jikoni, ambako hakumuumiza mtu. Minazi minne ya uani, baba yenu Marijani, Mungu amrehemu, alipanda mmoja kwa kila mtoto na wa nne kwa ajili ya yule ndugu yenu aliyeishi siku saba; madafu ya huo wa nne msiyauze, wapewe wapita njia kama ilivyokuwa siku zote. Sandukuni mna kanga zangu mbili mpya, doti moja ni ya Mwanakombo, na msiniulize sasa kwa nini niwatume kwa mtu ambaye huu ni mwaka wa nne hajatutolea salamu, nitafika huko. Hayo ndiyo yangu. Lakini liko jingine ambalo si langu, wala si lenu, wala si la Hija ingawa ameliwekea ua, na hilo ndilo linalonifanya nihesabu siku kama mfungwa.

Nyie mmezaliwa mmepakuta Mtelezoni, kwa hiyo hamjui kupatazama. Pale mto Kizinga unapojikunja kabla haujafika kwenye mikoko, ukingo wa upande wetu ni udongo mwekundu mtupu, na makalio ya watoto, kizazi baada ya kizazi, yameusugua mpaka ukawa mfereji laini unaokutia majini kabla hujamaliza ukelele wako. Juu yake mikuyu mitatu, na chini ya mikuyu hapaoti ila nyasi fupi, kwa kuwa hapakosi mtu aliyekaa. Upande wa juu wa mto wanawake, upande wa chini wanaume na mabao yao, katikati watoto, ambao hawana upande. Ndege mdiria walichimba matundu yao kwenye ukingo huo huo, hatua chache kutoka penye mtelezo, na hakuna mtoto aliyetia mkono. Si kwa adabu, tuliwaambia mna nyoka. Maji yakipwa ni matamu, yakijaa yana chumvi kidogo, na kambare wake hata mvivu hakuwakosa. Basi watu wa Mtoni tulikuwa tukitoka kwenye majumba yetu ya moshi, kila mtu na joto lake na mke mwenzake, tukashuka pale alasiri bila shughuli yoyote. Wanawake waliokuwa hawasemezani waliishia kusuguana migongo, kwa kuwa mgongo mtu hajisugui mwenyewe. Na Siku ya Mwaka ndiyo usiseme: mtaa mzima unashuka alfajiri kuoga mwaka, muungwana na yule ambaye bibi yake alinunuliwa, na mtu akishakuwa ndani ya maji mpaka shingoni huwezi kumjua babu yake. Nina miaka sitini na ushei. Nimealikwa arusi za watu wazito, nimekaa kwenye majamvi mazuri. Sijapata kuona mahali watu wanapumua vile.

Sasa sikilizeni kosa lilivyoanza. Mwaka wa nzige, Hija unang'oa meno ya utoto, Sadallah uko mgongoni, na Tunu hujafikiriwa, alikuja Mzungu mmoja mwenye tanuri la matofali akaupenda udongo wetu. Aliuonja kwa ulimi, wallahi nilimwona, kisha akatabasamu. Juma lile lile akaja Bwana Shauri mwenyewe, na mkalimani, na ramani, kutaka kujua kama ardhi ile ina wenyewe. Waliitwa wazee sita wa mtaa. Mie nilikuwapo kwa sababu nilikuwa nauza vitumbua chini ya mkuyu, na muuza vitumbua hakuna anayemfukuza. Mkalimani akauliza, "Bwana anataka kujua, hapa mna nini?"

Swali jepesi, wanangu, na jibu lake lilikuwa limetuzunguka: watoto wanateleza, wanawake wanacheka nyuma ya matete. Lakini wazee wetu wale, ambao kila mmoja alikuwa na shimo lake la kukalia chini ya ile mikuyu tangu ujana wake, waliona haya. Mmoja akasema hapa ni shamba la mpunga, Bwana Shauri akatazama asione hata punje. Wa pili akasema hapa ni madrasa, na papo hapo akapita mtoto mmoja akiteleza, hana nguo, anapiga ukelele ambao haumo katika msahafu wowote. Hakuna aliyethubutu kusema, hapa tunaoga, tunacheza, tunakaa bure. Tuliona hilo si jibu la watu wazima mbele ya serikali. Mkalimani akaeleza kwamba ardhi isiyo na mazao, wala nyumba, wala makaburi, ni ardhi tupu, na tupu ni ya serikali, nayo itampa mwenye kazi nayo. Bwana Shauri akaanza kukunja ramani. Na mie, kwa woga mtupu, sikutia busara hata chembe, nikasema kutoka kwenye vitumbua vyangu, "Kaburi lipo."

"La nani?"

Matar, huyu huyu Mwarabu wa duka la kona, alikuwa na punda wake wa maji, na punda yule wakati ule yuko mtoni anakunywa, na Matar alikuwa amempa jina la Masoud. Nikasema, la Sharifu Masoud. Wazee sita wakageuza shingo kunitazama. Matar, ambaye alikuwa mmoja wao, alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Na hakuna aliyekanusha, kwa kuwa kila mmoja aliupenda uongo wangu kuliko wake. Liko wapi, akauliza mkalimani. Nikasema limefunikwa na majani, tutalisafisha. Bwana Shauri akasema atarudi Jumamosi alione.

Tukabaki na siku tatu za kumtafuta maiti. Hija, kaa chini. Nimesema kaa, bado sijamaliza, na nikiacha katikati sitaweza kuanza tena.

Kwa akina mama yangu, mtu akipotelea majini na mwili usionekane, huzikwa mgomba badala yake, ili matanga yaishe na mjane akae eda yake kwa moyo mmoja. Kwa hiyo kazi niliijua. Ijumaa ile, saa ambayo wanaume wote wa Mtoni wako msikitini na wanawake wamejinyoosha, tulishuka watu watatu: baba yenu na jembe, Matar na bafta kutoka dukani kwake, na mie na gogo la mgomba kichwani. Tulichimba chini ya mkuyu wa kati. Nililivika sanda lile gogo kama nilivyomvika mama yangu, nikalifunga kichwani na miguuni, na Matar akauliza kwa adabu zake zote, "Mwajabu, tumlaze upande wa kibla, au mgomba hauna kibla?" Baba yenu alicheka mpaka akakaa kitako mle mle shimoni. Kisha akaitazama ile sanda nyeupe, akasema, "Hivi tumemcheka nani?" Tangu siku ile mpaka anaingia kaburini mwake hakukanyaga tena chini ya mkuyu wa kati, na ile sala ya Ijumaa aliyoikosa aliilipia kwa kufunga kila mwaka siku hiyo hiyo, nyie akiwaambia ni sunna.

Nikavunja sahani zangu tatu za arusi, zile za maua ya buluu, nikapachika vipande kwenye udongo kama makaburi ya wakubwa wa kale. Tukamwaga jivu ili udongo usionekane mbichi, tukapanda mrehani, Matar akasimamisha bendera kwa kipande cha bafta kilichobaki. Jumamosi Bwana Shauri akaja. Alivua kofia, wanangu. Alisimama kofia mkononi mbele ya mgomba, jua likimpiga utosini, na mie nilitaka kucheka na nilitaka kukimbia. Akatia alama kwenye ramani yake, akaondoka. Mwenye tanuri akaenda kuchimba kwingine, na alipochimba mpaka leo ni dimbwi la mbu. Sie tukarudi kuoga.

Miaka minne hivi hapakuwa na neno. Watoto walikuwa wakianika nguo zao kwenye mlingoti wa Sharifu. Wale wazee walijua, na waliojua walinyamaza, na wageni waliohamia waliona bendera nyeupe, na mtu akiona bendera nyeupe haulizi. Ningeweza kulibomoa lile kaburi wakati ule. Kila Siku ya Mwaka nilisema, mwaka huu, na kila mwaka nikaogopa ramani. Kisha ukaugua wewe, Hija.

Siku tisa za homa. Shingo imekaza, macho yamepanda juu, baba yako hayupo. Nilikupeleka zahanati kwa dresa Polikarpo, mtu wa bara, mkali, asiyejua hata kumpa mgonjwa pole. Akakupiga sindano, akakumiminia dawa chungu kinywani, akaniambia nenda nyumbani ukasubiri. Kusubiri ndiko kulikonishinda. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikakubeba mchana kweupe, nikakulaza juu ya lile kaburi, mie niliyeifunga ile sanda kwa mikono hii, nikasema, Sharifu Masoud, niponyee mwanangu, nitakufanyia kila utakalo. Nilijua kilicholala mle. Nilijua, na bado nikasema, na nikatega sikio. Siku ya pili jasho likakutoka, ukaomba uji. Na ulipopata nguvu za kuuliza umeponaje, ningeweza kukwambia kweli, ikaisha. Nikakwambia ni Sharifu. Nilikwambia hivyo kwa sababu niliona haya kumwomba mgomba halafu nisiushukuru, na kwa sababu nilitaka awepo aliyenisikia siku ile. Basi wewe ukamchukua, mtoto wa miaka kumi, ukaanza kufagia pale kila asubuhi, na mie nikakutazama ukifagia.

Yaliyofuata mnayajua, lakini niacheni niyaseme, maana mlikuwa mkiyatazama kutoka upande mwingine. Mwanamke mmoja wa Keko aliomba mtoto akampata, kana kwamba wanawake wa Keko hawakuwa wakizaa kabla. Yakaja marashi, ukaja ubani, wakaja mbuzi wa nadhiri. Hija akavaa kanzu, akaota ndevu, akawa msimamizi. Sisemi alikuwa mwizi, hakuwa. Nyama yote aligawa, na kama kuna mtu mwenye moyo safi katika nyumba hii ni yeye, ndiyo maana inaniuma. Lakini mahali pa mtakatifu pana masharti yake. Kwanza watoto wasipige kelele saa za dua. Kisha wasiteleze kabisa, kwa kuwa mtelezo unapita karibu na miguu ya Sharifu. Kisha wanawake wasioge upande wa juu, kwa kuwa maji yanayotoka kwao yanapita mbele yake. Kisha ule ua wa miba. Mabao yakahamia barazani, kule kwenye vumbi. Mdiria peke yao ndio hawakuambiwa kitu.

Na Mwanakombo. Mnakumbuka Siku ya Mwaka ile aliposhuka na kundi lake la lelemama, kama alivyoshuka tangu ujana wetu, na Hija akasimama njiani akaikamata ngoma yake, ikaanguka, ngozi yake ikapasuka. Mwanakombo hakupiga kelele. Alisema, "Hija, mie nimekuogesha hapa kitovu chako kibichi. Leo wanifukuza kwa ajili ya mtu usiyemjua hata mama yake." Kisha akanitazama mie, akangoja niseme neno. Nilikuwa nalo, liko ulimini. Nikainama nikajifanya nafunga kanga. Hiyo ndiyo kanga ninayomlipa, na msimfiche.

Sasa hili la Jumatatu. Sadallah anashika mnyororo wa wapimaji, mwezi mzima huu amekuwa akipita nao Temeke yote, huku mitaa imefungwa vibendera vya Malkia mpya, na ndiye aliyeniletea habari akidhani ni habari tu za kazini. Wanachora mji upya, nyumba, barabara na maghala. Na kwenye hiyo ramani yao mpya, akasema, imewekwa kanuni kwamba kila upande wa mji uachiwe mahali pa wazi, watu wapumzike na watoto wacheze, na mahali hapo hapajengwi. Nilimfanya alirudie mara tatu. Huko juu ya mto wameacha mahali pawili pa namna hiyo. Mtelezoni hawakupaacha, kwa sababu kwenye karatasi yao imeandikwa kaburi, moja, na wapimaji hawakumkuta mtoto hata mmoja anayeteleza pale. Walikuta ua wa miba. Na kaburi moja halizuii ghala. Linahamishwa kwa heshima kwa gharama ya serikali. Msimamizi ameulizwa, amekubali, ametia saini, ameahidiwa kaburi la saruji huko juu barabarani. Wewe, Hija, ukaja kuniambia Sharifu amekujia ndotoni ameridhika kuhama. Niligeukia ukutani. Ulidhani ni maumivu.

Kwa hiyo tazameni tulipofika. Jibu lile tulilolionea aibu mwaka wa nzige ndilo wanalolitafuta leo, na sie tuna bendera badala yake. Jumatatu watafukua mbele ya mtaa mzima, wewe ukiwa umeshika chetezo, na hawatakuta mfupa wala jino. Mtaa utasema umewala mbuzi zao kwa uongo. Serikali itasema watu hawa ni waongo tangu zamani, msiwasikilize kwa lolote. Na ghala litajengwa vile vile.

Alhamisi alikuja Matar, naye sasa ni mzee wa kutambaa na fimbo, wa mwisho katika wale sita mwenye akili zake. Alikaa pale ulipokaa, akazungumza sana habari za kifua chake, kisha akasema taratibu, kama mtu anayesongeza sahani, "Mwajabu, wewe waondoka. Kaburi lataka mtu." Nilimwelewa. Nikaifikiria siku nzima ile kauli, sitawaficha, nikapima pumzi zangu kama zitaisha kwa wakati ufaao. Mtu mzima wa kutosha, mifupa yake mwenyewe, angalau mwanangu asifedheheke. Kisha nikaona upumbavu wake: wangenifukua mie Jumatatu na kunipeleka barabarani kwenye saruji, nikae huko mpaka kiama naitwa kwa jina la punda, na ghala likajengwa. Matar ni rafiki mwema, lakini tangu zamani mawazo yake huishia kwenye bafta.

Basi hili ndilo agizo langu, na mengine yote niliyosema yalikuwa njia ya kulifikia. Leo, baada ya sala ya adhuhuri, Hija afukue lile kaburi kwa mkono wake. Si Sadallah, wala si mtu wa kukodi. Yeye, kwa sababu ndiye wanayemwamini. Awaite waliowahi kuleta nadhiri, awaambie mama yangu Mwajabu alidanganya, nami nimedanganywa pamoja nanyi. Asinipambe. Ang'oe bendera, ang'oe miba. Vipande vya sahani vikusanywe visije vikakata mguu wa mtoto. Tunu aende kwa Mwanakombo na kanga, ampigie magoti, amwambie nilikuwa nalo lile neno siku ile nikalimeza. Na akikubali, Jumatatu ashuke na ngoma, hata ikiwa ya kuazima. Na Jumatatu hao watu wakija wawakute nyote majini, wake kwa waume, kila watu upande wao, na wazee na mabao yao chini ya mikuyu. Wakiuliza, Tunu ajibu, kwa kuwa Sadallah anakula kwao na atatetemeka. Usitazame chini, Sadallah, hofu si dhambi. Tunu, usiwaambie ni desturi za mababu, usiwaambie ni ibada, usitafute neno kubwa. Waambie tunaoga hapa, watoto wanacheza, wakubwa wanakaa. Waambie kaburi lilikuwa uongo na mwenye uongo ni mimi, wakitaka kunishitaki waje haraka.

Sijui kama watakubali. Msije mkasema mama aliahidi. Huenda karatasi imeshapigwa mhuri, huenda huyo mkubwa wa ramani ana haraka zake, huenda watu wa mtaa watampiga Hija mawe badala ya kumsikiliza. Nimeyazungusha yote hayo kichwani tangu Alhamisi na hakuna hata moja lililokaa kimya. Najua tu kwamba tukinyamaza, limekwisha.

Hija. Usinitazame hivyo, mwanangu. Umesema nini? Sema kwa sauti, masikio yangu yametangulia.

"Nani aliniponya, mama?"

Ah. Mungu, baba. Mungu, na dawa ya yule Polikarpo asiyejua kusema pole. Sikumwambia ahsante hata siku moja. Mie nilipeleka ubani kwa mgomba, na yeye alihamishwa akaondoka. Na mie nilikubeba. Kutoka hapa mpaka mtoni, mtoto wa miaka kumi, kichwa kinaning'inia. Hilo ni kweli, kwa hilo sikukudanganya. Nakuomba radhi mbele ya nduguzo. Siyo kwa ajili ya Bwana Shauri. Yeye niliyemdanganya alikuwa mtu mzima. Kwako wewe.

Ametoka. Mwacheni. Mwacheni kwanza, Sadallah, usimfuate kwa maneno.

Maji kidogo, Tunu. Si mengi. Basi.

Mie mnizike makaburini kwetu, ubavuni mwa Marijani, udongo mtupu, jiwe moja kichwani. Nikifa leo, kazi ya mtoni isingoje matanga. Watu wakiuliza mbona wafiwa wamelowa, waambieni ndivyo alivyotaka. Msigombane kwa nyumba. Sadallah, oa. Mungu awape mahali pa kukaa bila kuulizwa mnafanya nini. Awape riziki isiyohitaji bendera. Awakutanishe na watu... watu wa kuwasugua migongo. Nimewawia radhi, nyote watatu, nanyi niwieni mie. Amin. Semeni amin, sisikii.

Tunu. Chungulia dirishani. Nimesikia kitu kimegonga ukuta wa nje, pale tunapoegemeza majembe. Ni yeye? Amelichukua? Ameelekea wapi, msikitini au mtoni?

Ah. Mtoni. Kabla ya adhuhuri, tena. Mwanangu huyu.

Basi nendeni. Nendeni wote wawili, mie nina ukuta huu. Mpitieni Matar, mpitieni na... mpitieni watu. Kaburi, hata likiwa tupu, halifukuliwi na mtu mmoja.